GIMP 3.0 mezani pa fundi wa picha: mapya yanayogusa kazi zetu hapa Nairobi (uzi mrefu)

Wakuu, salamu zenu.

Nimeulizwa mara nyingi kama toleo jipya la GIMP, programu ya kuhariri picha, lina faida yoyote kwa mtu mwenye studio ndogo ya mtaani, naye anaishi kwa picha za pasipoti, harusi na mazishi. Nimelitumia kwa kazi za wateja muda wa kutosha sasa, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu. Nitaanza na kisa kilichonipata kabla toleo hili halijatoka, kwa sababu bila kisa hicho hamtaelewa kwa nini jambo moja kati ya yote mapya nalipa uzito kuliko mengine.

Jumatano moja mchana, mama mmoja wa makamo aliingia studioni kwangu akiwa na wanawe wawili, akatoa bahasha ya kaki mkobani, na ndani yake mlikuwa na picha moja tu ya mumewe. Ilikuwa picha ya pasipoti ya rangi, ya zamani, iliyokunjwa katikati hata mkunjo ukapita juu ya shavu la kushoto. Ilikuwa imegeuka nyekundu, kama zinavyogeuka picha nyingi za karatasi za miaka ile, maana tabaka la rangi ya samawati lililomo katika karatasi hufifia kabla ya mengine na kuacha wekundu ukitawala. Mwili ulikuwa unasafirishwa Ijumaa alfajiri. Familia ilitaka picha kubwa ya kubebwa mbele ya jeneza, na nyingine ya jalada la kijitabu cha wasifu wa marehemu.

Nilifanya kama nilivyozoea katika GIMP 2.10. Kwanza niliinua mwangaza na kupunguza wekundu, ndipo nikaketi muda wa saa tatu hivi nikifuta mkunjo kidogo kidogo kwa brashi ya kunakili, nikichukua ngozi safi ya upande mmoja na kuipachika upande wa pili, nikiwa mwangalifu nisipoteze kovu dogo lililokuwa chini ya jicho, kwa kuwa kovu kama hilo ndilo linalomtambulisha mtu kwa waliomjua. Usiku mama alirudi, akaitazama picha kwenye skrini bila kusema neno, kisha akaniambia kwa upole: "Mwanangu, umefanya kazi. Lakini huyu siye. Mume wangu alikuwa mweusi tititi, mbona huyu ni maji ya kunde?"

Alisema kweli. Nilikuwa nimeinua mwangaza kupita kiasi ili nione mkunjo vizuri, halafu nikasahau kwamba jicho langu limeshauzoea ule mwanga. Tatizo ni kwamba mwangaza ulikuwa hatua ya kwanza na usafishaji ulikuwa hatua ya pili. Kuutendua mwangaza kulimaanisha kutendua kila kipigo cha brashi kilichofuata, yaani saa tatu zote. Kulitia giza lile tabaka (katika GIMP picha hupangwa kwa matabaka, kama karatasi angavu zilizolazwa moja juu ya nyingine) lililokwisha kuinuliwa nako hakukufaa, kwa kuwa sehemu zenye mwanga mkali za paji la uso zilikuwa tayari zimekatika na kuwa nyeupe tupu, na pikseli, yaani nukta moja ndogo kati ya zinazounda picha, ikishakuwa nyeupe tupu haikumbuki ilikuwa na nini. Nilianza upya saa nne usiku, nikamaliza karibu na alfajiri.

Sasa tuje kwenye toleo lenyewe.

Kwa wasioifahamu, GIMP ni programu ya kuhariri picha isiyolipiwa, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na tangu hapo imeendelezwa zaidi na watu wanaojitolea. Toleo la 2.10 lilitoka Aprili 2018. Toleo la 3.0 lilitoka tarehe 16 Machi 2025, karibu miaka saba baadaye, na masahihisho madogo yamekuwa yakifuata. Wengi wetu tulikuwa tumekata tamaa, tukidhani halitatoka kamwe.

Jambo kubwa ni hili: filta nyingi na marekebisho ya rangi hayaziandiki upya pikseli zako tena. Katika 2.10, ukipinda ule mstari wa mwangaza (unaopindwa juu au chini ili picha ing'ae au iingie giza) na kukubali, programu ilipiga hesabu ya kila pikseli, ikafuta namba ya zamani na kuweka mpya. Katika 3.0 pikseli za asili zinabaki zilivyo, na rekebisho linakaa juu ya tabaka kama maagizo yanayotekelezwa kila picha inapoonyeshwa. Injini inayowezesha haya, iitwayo GEGL, ilianza kuingizwa ndani ya GIMP tangu toleo la 2.6 mwaka 2008, kwa hiyo kinachoonekana kama muujiza wa siku moja ni kazi ya miaka mingi ya watu ambao hawakulipwa chochote na mimi wala wewe.

Kwa vitendo inakuwa hivi. Ukishaweka rekebisho, tazama orodha ya matabaka, utaona alama ya herufi Fx kando ya jina la tabaka. Ibofye. Kinafunguka kidirisha kidogo chenye majina ya marekebisho yote uliyoweka, moja juu ya jingine, na kando ya kila moja kuna jicho la kulizima na kuliwasha. Unaweza kulipandisha au kulishusha, kulifuta, au kulifungua tena ukakuta mstari wa mwangaza umepinda vilevile ulivyouacha. Na haya yote yanahifadhiwa ndani ya faili ya XCF, aina ya faili ya GIMP yenyewe, hivyo ukifunga kompyuta leo na kufungua wiki ijayo, yapo. Historia ya kutendua haikuwa hivyo hata siku moja. Ukiifunga faili, inakufa.

Hebu rudisheni ile picha ya marehemu katika hali hii mpya. Mwangaza unakaa juu kama filta. Chini yake nasafisha mkunjo kwa brashi, na kila kipigo kinaingia kwenye pikseli za asili huku nikiona matokeo kupitia ule mwangaza ulioinuliwa. Mama anapokuja kusema mumewe alikuwa mweusi zaidi, nafungua Fx, naushusha mstari mbele yake, namwuliza, "Hapa, mama?", naye anasema shusha tena kidogo, nami nashusha. Usafishaji wa saa tatu hauguswi hata kidogo. Kazi ya usiku kucha inakuwa kazi ya dakika mbili, na tena inafanyika mbele ya mtu pekee anayejua rangi ya kweli ya uso ule.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu ngozi zetu ndizo kazi yetu. Ngozi nyeusi ikipigwa picha kwa mwanga hafifu, maumbo yote ya uso hujibana katika sehemu ndogo ya giza, na fundi mwenye haraka huinua picha nzima hadi mtu abadilike sura. Njia ninayoifuata sasa ni kutumia mistari miwili ya mwangaza kama filta mbili tofauti. Ya kwanza inafungua giza la chini tu, pale penye nywele, kope na kivuli cha shingo, na ya pili inarudisha uzito katikati, mahali ngozi yenyewe ilipo. Kwa kuwa kila moja ina jicho lake, nazizima na kuziwasha kwa zamu nikitazama tofauti. Zamani nilikuwa nikitengeneza nakala sita za tabaka moja kwa ajili ya kulinganisha, faili inanenepa na sijui tena ipi ni ipi.

Ushauri mmoja kabla hujaweka filta yoyote: ukishaskani, nenda kwenye menyu ya picha, upandishe usahihi (wingi wa ngazi za rangi zinazohifadhiwa) kutoka biti 8 hadi 16 au 32. Giza likivutwa sana katika biti 8 huacha mistari na madoa kama ngazi shavuni. Uwezo huu ulikuwepo tangu 2.10, lakini naona wengi hawautumii.

Mengine nitayapitia haraka, si kwa kuwa ni mabaya, bali kwa kuwa hayahitaji maneno mengi.

Unaweza kuchagua matabaka kadhaa kwa pamoja kwa kushikilia Shift au Ctrl, ukayasogeza au kuyaingiza kwenye kundi kwa mara moja. Kwa anayepanga picha za darasa zima au kamati ya harusi, hili limeondoa karaha kubwa. Ukibandika kitu kutoka picha nyingine, sasa kinakuwa tabaka jipya moja kwa moja, badala ya lile eneo linaloelea lililokuwa likiwachanganya wanafunzi wangu wote bila kumbakiza hata mmoja. Brashi nayo ina chaguo la kulipanua tabaka lenyewe unapochora nje ya mpaka wake.

Maandishi yamepata kingo. Mtu anayetengeneza bango la krusedi au la mashindano ya mpira wa mtaa anajua kwamba herufi nyeupe juu ya picha yenye mambo mengi hazisomeki bila ukingo mweusi. Zamani tulizungusha ukingo kwa hila ya kuchagua, kukuza na kujaza rangi, halafu mteja akibadilisha tarehe unaanza tena. Sasa ukingo ni sehemu ya chaguo za kifaa cha maandishi. Unabadilisha tarehe na ukingo unafuata.

Kuhusu uchapishaji lazima nikae tena, maana hapa ndipo pesa za wateja hupotelea. Tunaopeleka kazi kwa wachapaji wa River Road tunajua maumivu ya kitenge cha buluu kilichong'aa kwenye skrini kikarudi kimefifia kama kimefuliwa kwa maji ya chumvi. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu, lakini mashine ya chapa hutumia wino wa samawati, magenta, manjano na mweusi, na kuna buluu na kijani ambazo wino hauzifikii hata ufanyeje. GIMP 3.0 inakuwezesha kupachika wasifu wa rangi wa mchapaji wako, yaani faili inayoeleza mashine yake hutoa rangi vipi, ili skrini iigize karatasi, na wasifu huo unahifadhiwa pamoja na picha. Unapomaliza, unaweza kutoa JPEG au TIFF ikiwa tayari katika mfumo wa CMYK, yaani wa zile wino nne. Mwombe mchapaji wako faili ya wasifu wa mashine yake. Wengine watakuangalia kama umeuliza habari za mwezini, lakini wapo wanaozijua na watakupa.

Hata hivyo, msielewe vibaya. Ndani yake GIMP bado inafanya kazi kwa nyekundu, kijani na buluu, na ubadilishaji unatokea mwishoni unapotoa faili. Matokeo yake ni kwamba herufi nyeusi uliyoiandika ndani ya GIMP itageuzwa kuwa mchanganyiko wa wino zote nne, na mashine ikiteleza hata nywele moja, maandishi madogo yanaonekana yana kivuli cha rangi. Nimewahi kupokea vijitabu vya wasifu 200 vya namna hiyo, jina la marehemu likiwa na ukungu mwekundu pembeni, na hapakuwa na muda wa kuchapa vingine. Tangu siku ile, picha naimaliza GIMP, maandishi napanga katika Scribus, programu ya kupanga kurasa, ambayo pia hailipiwi na inashika wino mweusi peke yake, kisha napeleka PDF.

NAENDELEA, maana kuna maswali yameingia.

Kaka aliyeuliza kama ni salama kusasisha leo: subiri kidogo kama una kazi iliyo katikati. Faili zako za zamani zitafunguka ndani ya 3.0 bila shida, lakini kinyume chake ni taabu. Faili uliyoihifadhi kutoka 3.0 ikiwa na filta zake, mwenzako mwenye 2.10 hataweza kuifungua. Katika studio yangu tuna kompyuta mbili, na nilifanya kosa la kusasisha moja tu. Kijana wangu alishinda asubuhi nzima akidhani faili za wateja zimeharibika. Sasisheni zote kwa pamoja, au msisasishe hata moja.

Jambo la pili la kuangalia ni programu-jalizi, yaani vipande vya ziada vinavyoongezwa kwenye GIMP. Zile zilizoandikwa kwa toleo la zamani la Python, lugha ya kuandikia programu, hazifanyi kazi tena, kwa sababu 3.0 imehamia Python 3 na njia mpya ya kuwasiliana na programu. Kama kuna programu-jalizi unayoitegemea kila siku kwa mkate wako, hakikisha kwanza kwamba aliyeiandika ametoa toleo linaloenda na 3.0. Mimi nilipoteza hati fupi ya msimbo niliyokuwa nikiitumia kupanga picha nane za pasipoti kwenye karatasi moja, ikabidi rafiki yangu anayejua msimbo aiandike upya.

Dada wa saiba pale Githurai aliyeuliza kuhusu kompyuta yenye RAM ya GB 4: itafanya kazi, nami niliitumia hivyo kwa wiki kadhaa. Lakini kumbuka filta hizi zinapigiwa hesabu upya kila unapobadilisha kitu chini yake, kwa hiyo ukirundika tano au sita juu ya picha kubwa utaanza kuiona brashi ikiburuta. Dawa ni kuzima macho ya zile nzito unaposafisha, hasa za kupunguza chembe na za kunoa, uziwashe mwishoni. Na rekebisho ambalo una hakika nalo kabisa unaweza kuliunganisha na pikseli moja kwa moja, chaguo la kufanya hivyo lipo kwenye dirisha la filta yenyewe. Programu yenyewe ipakue kutoka gimp.org pekee, usiichukue kwenye tovuti za kando zinazoipakia pamoja na takataka nyingine.

Mzee aliyeuliza kama aachane na Photoshop, swali lako ni la haki na nitalijibu bila ushabiki. Photoshop ilikuwa na filta zisizoharibu, yaani zisizoandika upya pikseli, tangu toleo la CS3 mwaka 2007, na matabaka ya marekebisho yanayoathiri kila kilicho chini yake tangu toleo la 4.0 mwaka 1996. GIMP 3.0 haina matabaka ya namna hiyo. Njia ya kuzunguka ni kuweka matabaka ndani ya kundi na kuliwekea kundi filta, lakini hilo linafanana tu na lile, si lenyewe. Pia GIMP haifungui picha ghafi za kamera (RAW) peke yake, inahitaji programu nyingine kama darktable au RawTherapee iwe imewekwa kando, ndipo iipokee picha kutoka huko. Kama unapiga harusi kila Jumamosi na mapato yako yanatosha kulipia Photoshop kila mwezi, sioni sababu ya kukuhangaisha. Ninayemwandikia ni yule kijana anayetumia nakala ya Photoshop iliyovunjwa kufuli, aliyoipata kwenye kidude cha USB, anayeogopa kila siku kwamba itazimika au itamwingizia virusi katikati ya kazi ya mteja. Sababu yake kubwa ya kubaki huko ilikuwa ni hizi filta zisizoharibu, na sasa anazipata kihalali bila kulipa shilingi.

La mwisho ni swali la ndugu aliyetaka kujua picha ndogo ya pasipoti inaweza kukuzwa hadi wapi kwa ajili ya jeneza. Picha ya milimita 35 kwa 45 ukiiskani kwa nukta 600 kwa inchi unapata pikseli 827 kwa 1,063 hivi, ambazo hazitoshi A4. Iskani kwa nukta 1,200, upate takriban 1,654 kwa 2,126. Ukiijaza A4 unabaki na kama nukta 180 kwa kila inchi, na kwa picha inayotazamwa kwa umbali wa hatua mbili inatosha kabisa. Zaidi ya hapo unakuza chembe za karatasi, huongezi uso. Futa kioo cha skana kwa kitambaa laini kabla ya kuilaza picha, na kama imekunjwa, iskani mara mbili, mara ya pili ukiwa umeigeuza juu chini, kwa sababu taa ya skana hupiga mkunjo kutoka upande mmoja na kuacha kivuli. Zile skani mbili zilaze kama matabaka mawili, ukiisha kuigeuza ya pili ikae sawa na ya kwanza, na utaona kwamba palipo na kivuli katika moja mara nyingi pana ngozi nzima katika nyingine.